Kulinganisha risasi za raifo: ulengaji, gharama ya kujaza upya, na mtutu ambao wengi huusahau kwenye hesabu

Ukiuliza risasi ipi inalenga vizuri zaidi, mara nyingi utaonyeshwa kundi (matundu ya risasi kadhaa zilizolengwa pamoja kwenye shabaha moja) dogo kuliko yote ambalo mtu aliwahi kupiga maishani mwake. Ukiuliza ipi ni nafuu kujaza upya, utatajiwa bei ya baruti, kichwa na fataki, na mazungumzo yataishia hapo. Majibu yote mawili yamepungukiwa. La kwanza halisemi kundi lile lilipigwa kwa risasi ngapi. La pili halisemi mtutu utadumu kwa risasi ngapi kabla haujachoka. Nimejaza risasi zangu mwenyewe kwa miaka mingi, na nikiangalia nyuma, karibu kila uamuzi mbaya nilioufanya ulitokana na mojawapo ya mapengo hayo mawili. Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia sasa, hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane maneno, maana neno risasi hubeba mambo mengi. Hapa risasi ni kitu kizima kinachoingia kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu. Ganda ni kile chombo cha shaba nyeupe kinachobaki baada ya kufyatua. Kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Fataki ni kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti. Uzito wa kichwa na wa baruti hupimwa kwa greni. Pauni moja ina greni 7,000, na kilo moja ina greni 15,432.

La pili ni usalama na sheria, na hapa sitaki mtu aruke. Nchi nyingi zinataka kibali cha kumiliki silaha, na baadhi zinataka kibali cha pekee cha kujaza risasi au kuweka baruti nyumbani. Hakikisha unavyo kabla ya kununua hata kipande kimoja. Uzito wa baruti nitakaoutaja hapa ni wa kupigia hesabu ya gharama tu, si wa kujazia. Kiasi cha kujazia kinatoka kwenye kitabu rasmi cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa unachotumia, tena kwa jina lilelile la baruti, kichwa kilekile na ganda lilelile. Baruti mbili zenye majina yanayokaribiana zaweza kuwaka kwa kasi tofauti kabisa, na bunduki hupasuka kwa kosa la namna hiyo.

Hatua ya kwanza: taja umbali wako

Mlenga shabaha wa mita 100 na yule wa mita 900 wanacheza michezo miwili tofauti. Kwenye mita 100, kinachoamua ni ubora wa mtutu, ubora wa kichwa, utulivu wa mpigaji na teke la bunduki. Upepo haujapata nafasi ya kufanya kazi yake, na tofauti ndogo za kasi hazionekani. Ndiyo maana risasi ya 6mm PPC, iliyobuniwa na Lou Palmisano na Ferris Pindell mwaka 1975, ilitawala mashindano ya kupiga makundi madogo kwenye yadi 100 na 200, ilhali si kasi sana wala haina nguvu ya kutisha. Ni ganda fupi na nene, lina teke dogo, na linapigwa kwenye mitutu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

Kwenye mita 900 mambo hugeuka. Hapo kichwa kimekaa hewani zaidi ya sekunde moja, na kila pumzi ya upepo inakisukuma. Sasa umbo la kichwa, yaani jinsi kinavyopasua hewa bila kupoteza kasi, lina uzito kuliko ule usahihi wa nyuzinyuzi unaouona kwenye mita 100. Kichwa cha greni 140 cha risasi ya 6.5 Creedmoor husukumwa na upepo uleule takriban theluthi mbili tu ya vile kinavyosukumwa kile cha greni 175 cha risasi ya .308 Winchester. Ukikosea kusoma upepo kidogo, na sote hukosea, mwenye 6.5 anabaki ndani ya duara wakati mwenye .308 ametoka.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: asilimia kubwa ya risasi zangu nitazipiga umbali gani? Andika umbali unaoupiga kweli, siyo ule unaoutamani. Kama uwanja unaoufikia una mita 300, basi sifa za mita 1,000 unazilipia bila kuzitumia.

Hatua ya pili: chagua za kushindanisha, zisizidi nne

Nitatumia nne zinazojulikana sana, ambazo maganda na vichwa vyake hupatikana kwa wingi.

.223 Remington ndiyo ndogo. Kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.224, hula baruti kidogo, teke lake ni chini ya robo ya lile la .308 katika bunduki ya uzito uleule, na mtutu wake hudumu. Ina mtego mmoja: msokoto wa mifereji ya ndani ya mtutu. Mtutu unaozungusha kichwa mara moja kila inchi 12 utafaa vichwa vyepesi vya greni 55 kushuka chini. Ukitaka kutumia kichwa cha greni 77, ambacho ndicho kinachoipa risasi hii heshima kwenye mita 500 au 600, unahitaji msokoto wa inchi 8 au 7. Watu wengi wamelaumu .223 kwa kosa la mtutu usiolingana na kichwa.

.308 Winchester ilitoka mwaka 1952 na bado ni mwalimu mzuri. Maganda yake yamejaa, mtutu wake huishi maisha marefu, na taarifa za kuijaza zimejaribiwa kwa miongo mingi. Udhaifu wake ni upepo. Tena chagua kichwa kwa makini: kile cha mashindano cha greni 168 cha umbo la zamani hulenga kwa uzuri wa kupendeza kwenye mita 300 na 600, lakini kinapokaribia kushuka chini ya kasi ya sauti, kabla ya kufika yadi 1,000, huanza kuyumba. Kwa mbali watu hutumia cha greni 175 kwenda juu.

6.5 Creedmoor ililetwa na kampuni ya Hornady mwaka 2007. Ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kulenga shabaha: ganda fupi linaloacha nafasi ya kichwa kirefu na chembamba, shingo ndefu, chemba iliyobana vizuri. Teke lake ni pungufu ya lile la .308 kwa kama robo. Kitako cha ganda lake kina kipenyo kilekile cha .308, inchi 0.473, na hilo lina faida ya mfukoni: bunduki ya .308 mara nyingi inaweza kugeuzwa kuwa 6.5 Creedmoor kwa kubadilisha mtutu peke yake, bolti (kipande kinachofunga chemba) na magazini zikabaki.

.300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 ndiyo kubwa katika kundi hili. Ina nguvu na inafika mbali, lakini hula baruti karibu mara tatu ya .223, teke lake ni kama mara moja na robo tatu ya lile la .308, na mtutu wake huchakaa mapema. Nimeiweka hapa kwa sababu wanaoanza huvutiwa nayo sana, na ni vizuri wakaona hesabu yake kabla ya kulipa.

Kama wewe ni mtu wa mita 100 hadi 300 peke yake, ongeza 6mm BR kwenye orodha. Inatumia greni 30 hivi za baruti na hulenga kwa namna ambayo zote nne nilizozitaja hapo juu hupata taabu kuifikia.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya gharama, mtutu ukiwemo

Kanuni yenyewe ni rahisi. Gharama ya risasi moja ni jumla ya vitu vitano:

bei ya ganda ÷ mara litakazojazwa
+ fataki moja
+ greni za baruti × (bei ya pauni moja ÷ 7,000)
+ kichwa kimoja
+ bei ya mtutu pamoja na ufundi wa kuufunga ÷ risasi utakazopiga mpaka ulengaji ushuke

Vifaa vya kujazia, yaani presi, mizani na vyuma vya kurudishia ganda umbo, mimi siviingizi humu. Vinunue vizuri mara moja. Kwa risasi elfu kumi sehemu yake inakuwa ndogo mno, na vingi hutumika kwa risasi yoyote utakayohamia.

Tuifanyie kazi kwa namba za mfano. Nitaziita pointi ili usizichukulie kama bei ya mahali popote. Weka bei zako mwenyewe mahali pake. Tuseme fataki ni pointi 8, pauni ya baruti ni 4,900, yaani 0.7 kwa greni, na mtutu mpya pamoja na kufungwa ni 60,000.

.223: ganda la pointi 60 likajazwa mara 10 ni 6. Fataki 8. Baruti greni 24 ni 16.8. Kichwa cha mashindano 30. Jumla bila mtutu ni 60.8. Mtutu ukidumu risasi 5,000 ongeza 12. Inakuwa 72.8.

.308: ganda la 100 kwa mara 10 ni 10. Fataki 8. Baruti greni 44 ni 30.8. Kichwa 45. Bila mtutu ni 93.8. Mtutu wa risasi 5,000 unaongeza 12. Inakuwa 105.8.

6.5 Creedmoor: ganda la 120 kwa mara 10 ni 12. Fataki 8. Baruti greni 41 ni 28.7. Kichwa 45. Bila mtutu ni 93.7. Mtutu wa risasi 2,500 unaongeza 24. Inakuwa 117.7.

.300 Winchester Magnum: ganda la 150 kwa mara 5 ni 30. Fataki 8. Baruti greni 70 ni 49. Kichwa 60. Bila mtutu ni 147. Mtutu wa risasi 1,500 unaongeza 40. Inakuwa 187.

Tazama .308 na 6.5 Creedmoor. Bila mtutu zinakaribia kulingana kabisa, na anayehesabu nusu njia atakwambia chukua 6.5, gharama ni moja. Mtutu ukiingia, 6.5 inapanda juu. Si tofauti ya kukufanya uikimbie, maana unanunua uwezo mkubwa wa kuvumilia upepo, lakini ni lazima uijue kabla, la sivyo utashtuka siku makundi yanapoanza kufunguka na fundi anapokuambia koo la mtutu limeungua.

Koo la mtutu ni pale mifereji inapoanzia, mbele tu ya chemba. Moto wa baruti hulipiga kila unapofyatua. Baruti nyingi ikipita kwenye tundu dogo, koo huungua haraka. Hii ndiyo sababu .308 yenye tundu kubwa na baruti ya wastani hudumu, na sababu ya .300 kutodumu. Idadi za maisha ya mtutu nilizotumia ni makadirio ya kawaida kwa mlenga shabaha. Ukipiga risasi nyingi mfululizo mtutu ukiwa wa moto, zikate. Ukipiga polepole na kuuacha upoe, utazipita.

Sasa igeuze hesabu. Tuseme umepanga kupiga risasi 1,500 kwa mwaka kwa 6.5 Creedmoor. Hiyo ni pointi 176,550. Kiasi hichohicho kwenye .223 kinakupa risasi 2,425, yaani mazoezi ya risasi 925 za ziada. Kwa mtu ambaye bado anajifunza kufyatua bila kuitikisa bunduki, risasi hizo 925 zitapunguza makundi yake kuliko kichwa chochote cha kisasa. Naliamini hili kwa moyo wote, na ndilo ninalomwambia kila anayeanza.

Kabla ya kuondoka kwenye gharama, angalia ganda. Hapa ndipo pa kuokoa pesa bila kupunguza ubora. Ganda hufa kwa njia tatu: shingo kupasuka, tundu la fataki kulegea, au mwili kukatika juu kidogo ya kitako. Shingo hupasuka kwa sababu shaba nyeupe hugumu kila inapopigwa na kubanwa. Kuilainisha kwa moto wa haraka unaogusa shingo na bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingoni) tu, kila baada ya mara chache, hurefusha maisha yake sana. Usiruhusu moto ushuke kwenye kitako. Kitako kikilainika, ganda hilo ni hatari, litupe. Tundu la fataki hulegea kwa sababu ya kujaza kwa nguvu kupita kiasi. Ukipunguza kidogo tu kutoka juu kabisa, utapoteza kasi usiyoihitaji na kupata maganda yanayodumu zaidi.

Kukatika kwa mwili kunatokana na kurudisha bega nyuma mno kila unapolirekebisha ganda. Pima bega la ganda lililotoka kwenye chemba yako, kisha rekebisha chuma chako kirudishe bega kwa sehemu ya inchi 0.002 tu, kama milimita 0.05. Kwenye .300 hili lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa ganda lake lina mkanda kitakoni na wengi hulirekebisha kana kwamba bega halipo. Ndiyo maana maganda yao hufa baada ya mara tatu au nne. Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake, uingize ndani ya ganda na uukokote taratibu ukutani karibu na kitako. Ukihisi mtaro, ganda hilo limeshaanza kukatika. Usilijaze tena.

Hatua ya nne: zipe risasi zote haki sawa

Kulinganisha .308 ya kiwandani ya bei ya chini na 6.5 Creedmoor iliyojazwa kwa mkono ni kudhulumu. Kila risasi ipate kichwa cha mashindano, maganda ya kundi moja la kiwandani, na baruti inayofahamika kufanya vizuri nayo. Baruti ya Varget ya kampuni ya Hodgdon hutumika sana kwenye .223 ya vichwa vizito na kwenye .308; H4350 ya kampuni hiyohiyo ndiyo wengi huanzia nayo kwenye 6.5 Creedmoor. Zote mbili hazibadiliki sana joto la hewa linapopanda au kushuka, jambo linalokusaidia usilinganishe asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali bila kujua.

Bunduki nazo zifanane kadiri inavyowezekana: uzito unaokaribiana, kifyatulio chepesi cha aina moja, darubini yenye ukuzaji uleule, na mkao uleule wa kupigia. Njia safi kuliko zote ni bunduki moja yenye mitutu miwili inayobadilishwa, na .308 dhidi ya 6.5 inaruhusu hilo. Kama huna, piga kwa ulichonacho, ila andika kwamba ulichopima ni bunduki na risasi kwa pamoja. Wanaoandaa mashindano walilitambua hili zamani: daraja la mashindano liitwalo F/TR linaruhusu .223 na .308 peke yake, ili ushindi utoke kwa mpigaji na kazi ya mikono yake.

Jambo moja kuhusu maganda ya kijeshi: mengi yana ukuta mnene, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo na shinikizo hupanda kwa baruti ileile. Anza chini zaidi. Na tundu lake la fataki mara nyingi limebanwa kwa nguvu kiwandani; pete hiyo lazima ikwanguliwe kabla fataki mpya haijaingia.

Hatua ya tano: jaza kwa ngazi, usikimbilie juu

Anza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu. Panda kwa ngazi ndogo: greni 0.2 au 0.3 kwa .223, hadi greni 0.5 kwa ganda kubwa kama la .300. Kila ngazi pima kasi kwa kronografu. Kasi ikizidi ile iliyoandikwa kitabuni kwa kiwango cha juu, umeshafika kwenye shinikizo la juu hata kama baruti yako bado iko chini ya kiwango. Bolti ikiwa nzito kuinua, fataki ikiwa imesagika bapa kabisa, au ukiona alama ya kung'aa kitakoni mwa ganda, acha papo hapo. Risasi zilizobaki za ngazi hiyo na za juu yake zivunjwe kwa nyundo ya kuvunjia risasi, zisipigwe “kwa kuwa zimeshajazwa”.

Mezani pawe na kopo moja tu la baruti. Ukimaliza kumimina, chukua taa uangalie ndani ya kila ganda kabla ya kukaza kichwa. Ganda lililomiminiwa mara mbili au lililosahauliwa huonekana hapo, na hakuna mahali pengine pa kuliona. Vaa miwani. Simu iwe chumba kingine.

Kina cha kichwa nakiweka mwanzo umbali wa inchi 0.020 kutoka kugusa mifereji, na siendi kwenye majaribio ya kina hadi nimeridhika na baruti. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Hatua ya sita: piga vya kutosha, kisha upime

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Niliwahi kubadilisha mtutu wenye afya kwa sababu ya makundi mawili ya risasi tatu tatu. Moja lilikuwa dogo, jingine kubwa, nikaamini hilo kubwa. Mtutu mpya ulipofungwa ukapiga vilevile.

Kundi hupimwa kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Kipimo hicho hukua kila unapoongeza risasi, hata kama bunduki haijabadilika chochote. Bunduki ambayo kwa wastani hupiga kundi la risasi 5 la sentimita 3.0, kwa risasi 3 itapiga wastani wa sentimita 2.4, na kwa risasi 10 itapiga sentimita 3.7. Ni bunduki ileile, siku ileile. Basi anayelinganisha kundi lake la risasi 3 na la mwenzake la risasi 10 anapima idadi, hapimi ulengaji.

Halafu kipimo hicho kinatumia matundu mawili tu na kuyatupa mengine yote. Bora zaidi ni kutafuta kitovu cha kundi, kisha kupima umbali wa kila tundu kutoka kitovuni na kuchukua wastani. Kwa kipimo hicho kila risasi uliyoilipia inatoa ushahidi. Kuna programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwa picha ya shabaha, lakini rula na daftari vinatosha.

Piga angalau risasi 20 kwa kila aina ya risasi unayoilinganisha, makundi manne ya tano tano, yakibadilishana: tano za .308, tano za 6.5, rudi kwenye .308. Kubadilishana kunagawa uchovu wako, upepo na joto kwa pande zote mbili. Usilitupe tundu lolote kwa kusema “hiyo nilivuta vibaya”, isipokuwa ulitamka hivyo kabla ya kuangalia kwenye darubini. Na hata kwa risasi 20 kila upande, wastani wa mmoja ukiwa mdogo kuliko wa mwenzake kwa chini ya robo, usitangaze mshindi. Bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya kiasi hicho.

Ukipiga mbali, soma pia kronografu. Kwa 6.5 Creedmoor inayotoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde, tofauti ya mita 15 kwa sekunde kati ya risasi mbili haionekani kwenye mita 100. Kwenye yadi 1,000 hutenganisha matundu kwa takriban sentimita 30, juu na chini. Kwa hiyo pale mbali, ujazaji wenye kasi isiyobadilika unaweza kuushinda ule uliopiga kundi dogo kidogo karibu.

Hatua ya saba: weka namba mbili upande kwa upande

Chora safu mbili tu: gharama ya risasi moja, mtutu ukiwemo, na wastani wa umbali kutoka kitovuni kwenye umbali wako halisi. Usitumie matokeo ya mita 100 kukisia mita 600 kama una uwanja wa mita 600.

Kwa ninavyoona mimi, mpaka mita 300 ni vigumu kuhalalisha kitu kingine zaidi ya .223 yenye msokoto wa inchi 8, labda uwe unashindania makundi madogo, hapo nenda 6mm BR au 6mm PPC. Kati ya mita 300 na 600, .308 inashinda kwa gharama na kwa urefu wa maisha ya mtutu, na 6.5 inashinda siku za upepo. Uwanja wako ndio utakaoamua. Kuanzia mita 700 kwenda mbele, ningelipa gharama ya mtutu wa 6.5 Creedmoor bila kusita. .300 Winchester Magnum ningeiacha kwa mwenye haja ya nguvu yake pale mbali, ambaye ameshazoea teke na ameshakubali kwamba akipiga risasi 1,500 kwa mwaka, mtutu ni ununuzi wa kila mwaka.

Mwisho, fungua daftari la mtutu siku unapoufunga. Andika idadi ya risasi kila ukitoka uwanjani, pamoja na kasi ya wastani ya ujazaji wako. Kila baada ya risasi 300 pima umbali wa kichwa hadi kugusa mifereji. Utauona ukisogea mbele kadiri koo linavyoungua. Makundi yakianza kufunguka huku kasi ikishuka na koo likiwa limesogea, utakuwa na sababu tatu zilizoandikwa za kuagiza mtutu mpya, na utaujua pia urefu halisi wa maisha yake. Namba hiyo irudishe kwenye hesabu ya hatua ya tatu mahali pa makadirio yangu.